Vidole Vingi na Nahodha Mmoja

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili yasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Anayetaka idara mbili zishirikiane huitaja ya kwanza. Asiyetaka idara ya jirani imwingilie huitaja ya pili. Nimekaa katika vikao vingi vya maendeleo, wilayani na katani, nami nimezisikia zote mbili zikitamkwa katika kikao kimoja, hata kabla ya chai, na kila mara wajumbe wakaafiki.

Kwa kweli methali hizo hazigombani. Ya kwanza inazungumzia nguvu, na ya pili inazungumzia usukani. Tunapotea pale tunapodhani kwamba wingi wa vidole ndio uongozi wenyewe, au kwamba nahodha aweza kukivusha chombo bila mabaharia. Hivyo swali ninalotaka kulitafakari ni hili: inapoanzishwa huduma mpya kwa wananchi, nayo ikawa inahitaji wizara mbili tatu, chama, redio na wafadhili wa nje, ni kitu gani hasa huwafunga hao wote pamoja? Sitaki kulijibu kwa nadharia, maana nchi yetu ya Tanzania ina mifano miwili mikubwa iliyopishana kwa miaka 10. Mmoja ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Mwingine ni mpango wa lishe ulioanza mkoani Iringa mwaka 1983.

Tuanze na Mtu ni Afya. Nchi ilikuwa imetimiza miaka 11 ya Uhuru, na maradhi yaliyokuwa yakiwaua watu yalikuwa yale ambayo mengi yake yangeweza kuzuiliwa nyumbani: malaria, kuhara, safura, kichocho, kifua kikuu. Wizara ya Afya ilikuwa na ujuzi wa maradhi hayo, lakini bwana afya mmoja na baiskeli yake alikuwa na eneo kubwa la kuzungukia, na kila alipofika alikuta watu wako shambani. Wizara ya Elimu ilikuwa na madarasa ya watu wazima, yaliyopata nguvu mpya tangu Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Radio Tanzania ilikuwa na sauti iliyofika mahali ambapo gari halikufika. TANU ilikuwa na wajumbe wa nyumba kumi, ambao walimjua kila mwenye nyumba kwa jina lake na kwa tabia yake. Kila mmoja alikuwa na kidole chake, na hakuna aliyeweza kumvunja chawa peke yake.

Usukani alikabidhiwa nani? Mtu angetazamia iwe Wizara ya Afya, kwa kuwa shughuli ilikuwa ya afya. Haikuwa hivyo. Iliyoshika kazi ya kuongoza ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi haikuwa na hospitali, wala ghala la dawa, wala mamlaka juu ya bwana afya hata mmoja. Ilichokuwa nacho ni ujuzi wa jambo moja: namna ya kuwakusanya watu wazima katika vikundi vidogo, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Nao ujuzi huo ilikuwa imeuchuma pole pole. Mwaka 1969 ilijaribu kwa Kupanga ni Kuchagua, kuhusu mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano; mwaka 1970 ikaendesha Uchaguzi ni Wako; na mwaka 1971, nchi ilipoadhimisha miaka 10 ya Uhuru, ikaendesha Wakati wa Furaha, iliyowafikia watu wapatao 20,000. Miaka miwili baadaye Mtu ni Afya iliwafikia watu wanaokadiriwa kuwa 2,000,000.

Hapa pana jambo la kutafakari. Katika jahazi, wenye shehena si lazima wawe manahodha. Mwenye tende anataka tende zake zikae pakavu, na mwenye boriti anataka boriti zake zisikatwe kamba hata dhoruba ikija. Wote wana haki. Lakini ukimpa usukani mmoja wao, wengine watasafiri wakiwa na shaka kwamba dhoruba ikizidi mali itakayotoswa kwanza ni yao. Taasisi iliaminika, naona, kwa sababu haikuwa na shehena. Wizara ya Afya haikuogopa kunyang'anywa wagonjwa wake, wala Wizara ya Elimu haikuogopa kunyang'anywa walimu wake.

Jambo la pili lilikuwa subira. Kampeni yenyewe ilidumu wiki 12 tu, lakini maandalizi yalichukua karibu miaka miwili. Mafunzo yalitolewa kwa ngazi: wa taifa wakawafundisha wa mikoa, wa mikoa wakawafundisha wa wilaya, mpaka wakapatikana viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Sweden ilisaidia fedha, na vitabu vikachapwa kwa wingi. Walioketi katika semina hizo hawakuwa wa idara moja. Mwalimu alikaa na bwana afya, na bwana afya akakaa na bibi maendeleo na katibu wa chama, wote wakiwa wamefunua ukurasa mmoja. Siku hizi tunaanza na uzinduzi, ngoma na fulana, halafu ndipo tunapoulizana nani afanye nini.

Jambo la tatu, nami naliona kubwa kuliko yote, ni kwamba palikuwa na kitu kimoja mkononi. Kitabu kilikuwa kimoja, kipindi cha redio kilikuwa kimoja, na juma lilikuwa na somo moja. Kikundi kikimaliza mjadala hakikuambiwa kiandike taarifa. Kiliulizwa: basi tufanye nini kabla hatujakutana tena? Jibu lilikuwa jembe. Watu walichimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia makopo na madimbwi, wakachemsha maji. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, na jioni moja moja nilitumwa kukisomea kikundi cha wazee kitabu hicho, kwa kuwa macho ya kiongozi wao yalikuwa yamechoka. Kilichonikaa akilini ni kwamba hakuna mzee hata mmoja pale aliyejua kampeni ile ni ya wizara gani. Walisema tu ni “ya redio”. Leo naamini kwamba hiyo ndiyo alama ya ushirikiano uliokomaa: anayehudumiwa haoni mishono.

Lakini nisiipambe historia. Vyoo vilivyochimbwa mwaka 1973 vilikuwa vingi mno, ila kuchimba choo ni jambo moja na kukitumia ni jambo jingine. Wiki 12 zilipokwisha, redio ikahamia mambo mengine, na kazi ya kufuatilia ikabaki kwa yule yule bwana afya na baiskeli yake. Tena pana jambo lisilosemwa mara nyingi. Novemba mwaka huo huo wa 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi kufikia mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa. Mtu aliyechimba choo mwezi wa Julai kwa kuhimizwa na mkono mmoja wa Serikali aliweza kukiacha mwaka uliofuata kwa kuamriwa na mkono mwingine. Kamati ya uratibu ilikuwa imewakutanisha afya, elimu, chama na redio. Lakini walioshughulikia swali la watu wataishi wapi walikuwa na kamati yao.

Tuingie sasa Iringa. Tangu zamani mkoa huu umehesabiwa pamoja na Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa ghala la mahindi la nchi. Hata hivyo, watoto walipopimwa mwanzoni mwa mpango, karibu asilimia 56 ya wale wa chini ya miaka mitano walikuwa na uzito pungufu, na asilimia 6.3 walikuwa na utapiamlo mkali. Njaa katikati ya ghala ni kitendawili, na kitendawili hicho kilimnyima kila mtaalamu haki ya kusema “hili ni langu”. Bwana shamba hakuweza kudai tatizo ni mavuno, maana mahindi yalikuwapo. Mganga hakuweza kudai ni dawa tu, maana mtoto aliyetibiwa kuhara alirudi baada ya mwezi akiwa vile vile. Ukweli ulikuwa katikati yao: mama akitoka alfajiri kwenda shambani akarudi jua likizama, mtoto hula uji mara mbili kwa siku, na uji wa mahindi mzito humjaza tumbo kabla haujampa nguvu ya kutosha. Je, saa za mama ziko chini ya wizara gani?

Mpango ulioanza mwaka 1983 uliungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Serikali ya Italia, na ujuzi wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Ulianza katika vijiji 168, vyenye watoto wadogo wapatao 46,000. Safari hii pia usukani haukupewa mwenye shehena. Haukuwa mradi wa wizara moja. Uratibu wake ulipita katika Ofisi ya Waziri Mkuu na ngazi za kawaida za utawala, kutoka mkoa hadi wilaya, kata na kijiji. Fedha za kigeni zilikuwapo, lakini hazikujengewa ofisi ya kando yenye ngazi zake.

Na kitu cha mkononi? Kilikuwa mizani. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na Siku ya Afya ya Kijiji. Watoto waliletwa, wakaning'inizwa kwenye mizani mmoja mmoja wakilia, na uzito wao ukatiwa kwenye kadi yenye rangi: kijani kwa anayekua vizuri, kijivu kwa anayeteleza, nyekundu kwa aliye hatarini. Kisha hesabu ya kijiji kizima ikapelekwa mbele ya viongozi wa kijiji wenyewe kabla ya kwenda juu. Hapo ndipo palipokuwa na siri. Wazungumzaji walikuwa wana wa kijiji, wanaojua ni nyumba ya nani iliyo na kadi nyekundu na kwa nini. Wakapima hali, wakatafuta sababu, wakachukua hatua, na baada ya miezi mitatu wakapima tena waone kama hatua ile ilikuwa na maana. Wengine waliamua kuanzisha mahali pa kuwatunza na kuwalisha watoto wakati mama zao wako shambani. Wengine walifundishwa kutia unga wa kimea katika uji, ujuzi ambao watengeneza pombe walikuwa nao tangu enzi, ili uji uwe mwepesi kunyweka huku ukiwa na unga mwingi.

Tazama jinsi mizani ilivyowapanga wataalamu bila kikao. Kadi ikiwa nyekundu kwa sababu ya kuharisha, jambo ni la bwana afya na kisima. Ikiwa nyekundu kwa sababu mama hayupo mchana, jambo ni la bibi maendeleo na serikali ya kijiji. Ikiwa nyekundu kwa sababu debe la mahindi limeuzwa kulipa deni, jambo ni la wazee na baba mwenye nyumba. Kadi ilikuwa moja, na kila mmoja alisoma sehemu yake humo humo. Hadi mwaka 1988 uzito pungufu katika vijiji vile vya kwanza ulikuwa umeshuka kutoka hiyo asilimia 56 hadi 38, na utapiamlo mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Mafunzo ya Iringa yalivuka mipaka yetu: maelezo ya sababu za utapiamlo ambayo UNICEF iliyapitisha mwaka 1990, yakifundishwa baadaye katika vyuo vya nchi nyingi, yalikomaa kwa sehemu kubwa katika kazi hiyo.

Sasa linganisha na yale yaliyofuata. Miaka ya tisini fedha za Serikali zilipungua, wananchi wakaanza kuchangia matibabu, na mashirika yakaja kwa wingi na kwa nia njema, kila moja na gari lake. Katika kata moja niliyopata kufanya kazi palikuwa na mashirika mawili yaliyosaidia watoto yatima. La kwanza lilikuwa na rejesta yake, la pili yake, na ofisi ya kata ilikuwa na daftari la tatu. Siku moja tuliziweka rejesta hizo mezani pamoja. Tulikuta mtoto mmoja ameandikwa mara mbili, ana sare mbili za shule na mabegi mawili. Jirani yake, nyumba ya tatu kutoka pale, hakuandikwa popote. Kila shirika lilikuwa limemwona, na kila moja lilidhani ni wa mwenzake. Hakuna aliyekuwa mvivu wala mwizi. Tena mashirika hayo yalikuwa yakikutana kila robo mwaka, na mihtasari ya vikao vyao ilikuwa safi kabisa. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye jina la yule mtoto.

Tangu hapo siamini tena kwamba ushirikiano huzaliwa na vikao. Vikao huwakutanisha watu. Kinachowashirikisha ni kitu wanachokishika wote na ambacho hakuna anayeweza kukificha kabatini kwake. Dunia nayo iliujua ukweli huo kwa gharama kubwa. Katika vita dhidi ya UKIMWI, ilipoonekana kwamba nchi maskini zinalemewa na miradi isiyosalimiana, mashirika na wafadhili walikubaliana mwaka 2004 juu ya mambo matatu kwa kila nchi: mpango mmoja wa utekelezaji, chombo kimoja cha uratibu, na mfumo mmoja wa ufuatiliaji. Hapa kwetu wafadhili kadhaa wa afya walikuwa wameanza mwaka 1999 kuweka fedha katika mfuko wa pamoja. Nilipozisoma habari hizo nilikumbuka kitabu kimoja, mizani moja, kadi moja. Wazee waliosema ni “ya redio” walikuwa wameuona ukweli huo miaka 30 kabla.

Msomaji anaweza kunijibu kwa haki kwamba miaka ile ilikuwa rahisi. Palikuwa na chama kimoja, na katibu akisema njoo, watu walikuja. Sikatai. Baadhi ya vyoo vile vilichimbwa kwa kuogopa faini kuliko kuogopa safura. Nahodha wa wakati ule alikuwa na usukani mkono mmoja na bakora mkono wa pili, na mimi si miongoni mwa wanaoitamani bakora irudi. Lakini tuangalie ni kipi kilichofanya kazi hasa. Bakora iliweza kumleta mtu mkutanoni. Haikuweza kumfanya achemshe maji usiku nyumbani kwake, wala kumfanya mama atie kimea katika uji. Hayo yalifanywa na watu waliokuwa wameiona hesabu ya watoto wao wenyewe.

Na hapa ndipo Iringa inapotuuma. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 30 kwa Tanzania nzima. Katika Mkoa wa Iringa, mkoa ule ule, ulikuwa zaidi ya nusu ya watoto. Udumavu ni kipimo cha urefu kwa umri, na kile cha miaka ya themanini kilikuwa cha uzito, kwa hiyo tarakimu hizi haziwezi kuwekwa kwenye mstari mmoja. Lakini kitendawili ni kile kile: ghala limejaa, mtoto haongezeki. Fedha za Italia zilikwisha kama zilivyopangwa kwisha, mpango ulisambazwa katika mikoa mingine, wataalamu walihamishwa, na mama bado anatoka alfajiri.

Sioni katika hilo ushahidi kwamba juhudi zile zilikuwa bure. Mtoto aliyeokolewa mwaka 1986 ameokolewa. Huenda leo ni baba au mama wa watu. Naona ushahidi kwamba ushirikiano hauwekwi akiba. Ni kama moto wa jikoni: chakula kilichopikwa jana kililiwa, na leo lazima mtu ainame apulize tena. Serikali imeliona hilo. Tangu mpango jumuishi wa lishe wa mwaka 2016 siku ya afya na lishe ya kijiji imehimizwa upya kila robo mwaka, na wakuu wa mikoa wametiliana saini mikataba ya lishe na Serikali. Ni jambo jema. Ila mkataba uko juu, na mizani iko chini. Cha kuangalia ni kama hesabu inayopatikana kwenye mizani inasomwa kwanza pale kijijini, au inapanda juu moja kwa moja ikawe tarakimu ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, kijana afisa utakayepewa kesho kazi ya kuratibu huduma mpya, nakuombea mambo matatu. Usukani apewe asiye na shehena. Maandalizi yawe marefu kuliko uzinduzi. Na kabla hujaitisha kikao cha kwanza, uliza ni karatasi gani moja, au mizani gani, ambayo wote mtaitazama, na kama jina la mtoto wa nyumba ya tatu limo. Kama halimo, andika jina hilo kwanza. Kikao chaweza kungoja.